Karamu ya Kumuaga Kaisa

Jumapili ile mlipokuja kunijulia hali, mlinikuta nimerudi siku chache tu, vumbi bado liko masikioni. Nikawapikia, mkala, mkashiba, kisha mkaanza: haya Mwalimu, lete habari za safari, yule mzungu wako ameondokaje? Nikasema nimechoka. Mama Sifa akacheka, akasema huyu ana lake jambo, lini Mwalimu amechoka kuongea? Alisema kweli. Nilikuwa na jambo na mdomo ulikuwa unalikataa. Basi nimeandika, mpeane zamu kusoma. Anayetaka kucheka acheke huku mwanzoni, maana kule mwisho hakuna cha kuchekesha.

Kwa ninyi mliokuja Babati juzi juzi na hamjui kazi yangu: kuna chuo kimoja cha Ulaya kinaleta wanafunzi wake huku kwetu, wakae na familia, wajifunze watu wanavyoishi. Mimi ni Mwiraqw, nimezaliwa Mbulu, nimefundisha shule ya msingi mpaka chaki ikanishinda, na Kiingereza changu kinatosha kugombana. Wakanichukua niwe mtu wa katikati. Namtafutia mwanafunzi nyumba, namfundisha salamu, na mara kwa mara naenda kuangalia kama anakula na kama wenyeji bado wanampenda.

Profesa wao alitupa sheria moja. Tusimweleze mwanafunzi kila kitu. Akitaka kukosea, tumuulize maswali, halafu tumwache. Akae na kosa lake, ndipo atajifunza. Nilipoisikia nikaona si ngeni hata kidogo, wazee wetu walishasema mtoto akililia wembe mpe. Nikaikubali kwa moyo mweupe. Sikuwaza kwamba wembe unaweza kumkata aliyekaa pembeni.

Mwanafunzi wangu safari hii alikuwa Kaisa, msichana wa Ufini anayesomea ualimu. Nilimweka Endasak kwa Mama Paulina, ambaye binti yake yuko shule ya bweni, kwa hiyo kitanda kilikuwa wazi. Alifika wakati wa palizi akakaa mpaka mahindi yalipokauka. Mnajua usemi wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Paulina alimpa la kwake mwenyewe. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakakauka. Mara ya mwisho nilipowatembelea nilimkuta Kaisa jikoni anachota makande kwenye sufuria bila kumwomba mtu, na Mama Paulina anamfokea: funga huo mlango, kuku wanaingia, ulizaliwa wapi wewe? Nilirudi nyumbani nimefurahi, maana mgeni hafokewi.

Babati hadi Katesh

Barabara mnaijua ilivyo tangu wakandarasi waingie. Kila mahali kibao cha mshale, toka huku, ingia mashambani, rudi tena. Basi letu lilitambaa nyuma ya greda, dereva anapiga honi, mwenye greda hana habari. Wazee wa viti vya mbele walibishana kama huu mkoa wetu mpya umewaletea kitu zaidi ya vumbi. Mmoja akasema, tulipokuwa Arusha tulisahauliwa kutoka mbali, sasa tuko Manyara tunasahauliwa kutoka karibu. Nilicheka nikameza vumbi zaidi.

Endasak tulisimama kushusha mabati, na Mama Paulina alikuwa kando ya barabara ananisubiri. Alijua napita. Akaja dirishani, akanipa viazi vitamu vya kuchemsha, akaanza kuninong'oneza kwa sauti ambayo basi zima lilisikia.

"Jumamosi, Mwalimu. Usiniletee uchelewaji wako wa Babati. Kondoo yupo, yule dume mwenye mkia mzito. Pombe tumeshaiweka. Na Mzee Amsi amekubali kuja kuomba dua."

Dua anayoisema ni ile ndefu ya Kiiraqw, mzee anaongoza kwa maneno mazuri mazuri, na watu wote wanaitikia pamoja. Haiombwi hovyo. Nikamuuliza kama haya yote si mengi mno kwa mwanafunzi anayerudi kwao.

"Mengi?" Akasogea karibu, na safari hii alinong'ona kweli. "Majirani wanasema nimefuga mzungu kama watu wanavyofuga kuku wa mayai. Wanasema ni mpangaji. Sasa mpangaji anachinjiwa kondoo? Waje Jumamosi waone kama huyu ni mpangaji au ni mtoto wangu."

Konda akapiga bati, basi likaondoka. Nilikula viazi vile mpaka Katesh, nikachukua chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Mpango ulikuwa nipumzike Ijumaa, Jumamosi niende kwenye karamu, kisha mimi na Kaisa twende Mbulu kwenye kikao cha kufunga na profesa. Nililala nawaza nitavaa kitenge gani.

Katesh, chai iliyopoa

Ijumaa asubuhi nilikuwa kibandani, chapati mkononi, mlima Hanang umevaa mawingu mpaka kiunoni, mara pikipiki ikasimama mbele yangu. Kaisa akashuka na begi lake kubwa. Alikuwa amefunga shuka mabegani, miguuni kandambili, meno yanagongana kwa baridi, na anatabasamu.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeondoka."

"Marahaba. Umeondoka wapi?"

"Nyumbani. Kabla Mama hajarudi kutoka kukamua."

Dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alichukua nauli yake akaondoka kutafuta abiria wengine. Nikamkalisha Kaisa, nikamwagizia chai. Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo zuri alilolifikiria muda mrefu. Pale nyumbani nyama inaliwa Krismasi na Pasaka. Yule dume ndiye mkubwa wa zizi. Amekuwa akimpa majani mwenyewe kila jioni. Hawezi kukaa na kula mnyama ambaye familia inamhitaji kuliko yeye, na akikataa ana kwa ana Mama hatamsikiliza. Kwa hiyo akiondoka mapema, karamu inakosa sababu na kondoo anabaki.

"Umemwambia Mama?"

"Nitampigia nikifika Mbulu. Nikimwambia sasa atanirudisha."

"Koti lako liko wapi? Na zile buti?"

"Nimewaachia. Nimevikunja vizuri, nimeviweka juu ya kitanda. Ni zawadi."

Wenzangu, hapo ndipo chai yangu ilipopoa. Nilijua. Mtu aliyetoka nyumba ya watu alfajiri bila kuaga, nguo zake zimekunjwa kitandani, kwetu huyo ama amekimbia ama amekutwa na mabaya. Ningeweza kumwambia hapo hapo, panda pikipiki, rudi, Mama bado yuko na ndoo ya maziwa mkononi. Badala yake nikauliza lile swali la profesa.

"Unadhani wao wataonaje?"

Akafikiri kwa bidii, ni mtoto mwenye bidii. "Mwanzoni watasikitika. Halafu watamwona kondoo, watafurahi."

Nikanyamaza. Nikajiambia ndiyo kazi, akakae na kosa lake. Hata kumpigia simu baba mwenye nyumba sikumpigia, kwa kuwa Kaisa alisema atawaeleza mwenyewe, na mimi nilitaka kuheshimu hilo. Ningekuwa mama yake ningemchapa kibao na kumrudisha. Nilikuwa mtu wa katikati, na katikati nilikaa.

Njia ya Basotu

Njia ya kawaida ya kwenda Mbulu ingeturudisha Endasak, basi lipite mbele ya macho ya kila mtu. Kaisa hakutaka. Basi tukazunguka kwa Basotu na Haydom, njia ya watu wenye subira.

Gari letu lilikuwa Landrova ya zamani iliyobeba watu, magunia na mbuzi mmoja aliyekuwa na adabu kuliko abiria wengi. Kaisa aliwaamkia wote shikamoo, mpaka utingo, ambaye hana hata ndevu. Utingo akaitikia marahaba kwa sauti nzito, na tangu hapo akawa anamfungulia mlango. Basotu tulikula perege wa ziwani kwa ugali, Kaisa akamla mpaka kichwa kama nilivyomfundisha. Nikasema moyoni, mtoto huyu amejifunza mengi, labda na hili litapita.

Mbele ya Basotu gari likakata mkanda. Dereva akasema ni jambo dogo, tukajua si dogo. Tulikaa kwenye nyasi, upepo unapiga, simu zote hazina mtandao. Akaja mama mmoja wa Kibarabaig kutoka bomani kwake, amevaa gauni la ngozi na bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, akatuletea maziwa kwenye kibuyu. Kaisa akapokea kwa mikono miwili, akanywa bila kusita ingawa yalinukia moshi. Yule mama akapendezwa.

"Huyu mtoto wa nani?" akaniuliza. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kifupi.

"Wa Mama Paulina, Endasak," nikasema kwa utani.

"Anaenda wapi?"

"Kwao. Mbali."

Akamtazama Kaisa kuanzia shuka mpaka kandambili. "Nani amesindikiza?"

Kaisa alielewa, akajibu mwenyewe kwa fahari: "Nimejisindikiza."

Mama yule alicheka mpaka akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha kicheko kikaisha, akanitazama mimi, si Kaisa. "Binti haendi hivyo," akasema. Akachukua kibuyu chake akarudi bomani.

"Amesema nini?" Kaisa aliuliza, maana lile la mwisho alilisema kwa kupunguza sauti.

"Amesema safari njema," nikamjibu. Uongo huo nauhesabu pia.

Mkanda ulipatikana jua limeinama. Tulilala Haydom.

Mbulu

Jumamosi mchana tuliingia Mbulu, ukungu na baridi yake, wanawake sokoni wamejifunga mablanketi. Ni nyumbani, kwa kawaida nikifika nanusa ule moshi wa kuni na moyo unatulia. Safari hii simu ilipata mtandao karibu na stendi, ikaanza kuita kabla sijashuka. Alikuwa Baba Paulina. Huyu ni mtu asiyepiga simu. Akiwa na neno, anamtuma mke wake.

"Mwalimu, shikamoo. Uko na Kaisa?"

"Marahaba. Niko naye."

"Ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi Mungu asifiwe." Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akanieleza polepole, bila kulaumu, na afadhali angelaumu.

Mama Paulina alirudi na maziwa akakuta koti na buti kitandani. Akaita, hakuitikiwa. Nani anatoka kwenye baridi ya Hanang bila koti wala viatu? Akapiga yowe. Mwenyekiti wa kitongoji akakusanya watu, na majirani wale wale walioalikwa kwa karamu wakaja siku moja kabla, na panga na fimbo, wakatafuta kwenye makorongo na kwenye msitu wa mlimani. Walipiga simu yangu, haikupatikana. Walipiga ya Kaisa, imezimwa. Mama Paulina alipanda nao mpaka miguu ikakataa. Alasiri ndipo yule dereva wa bodaboda aliporudi kutoka Katesh, akashangaa wanatafuta nini. Akasema mzungu nimempeleka mimi, alikuwa na begi lake, tena njiani alikuwa anacheka.

"Hilo la kucheka," Baba Paulina alisema, "ndilo lililomkalisha mwenzangu chini."

"Na leo?"

"Leo tumechinja. Ungefanyaje, Mwalimu? Watu wamealikwa, wamehangaika mlimani. Mzee Amsi ameomba dua, ameombea na njia yake, tukaitikia. Watu wamekula." Akafikiri kidogo. "Wamekula kwa adabu sana."

Mnaelewa maana ya hilo. Majirani wanaokucheka, siku utakapoaibika kweli, watakula kwako kwa adabu na kukushukuru sana na kuondoka mapema. Mama Paulina alitaka Jumamosi iseme jambo moja mbele yao, nayo ilisema jambo lingine.

Nilimweleza Kaisa palepale stendi, kila neno. Alikaa juu ya begi lake akalia kwa sauti, watu wakawa wanatuzunguka kuuliza nani amefariki. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Profesa tulimkuta hotelini. Ni mama mpole, hana kiburi, na ninasema hivyo ili msimchukie. Alimsikiliza Kaisa mpaka mwisho, akamshika mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba hapa kuna somo kubwa mno, asilikimbie.

"Somo kubwa, ndiyo," nikasema kwa Kiswahili. "Na ada ameilipa Mama Paulina."

Profesa akaniuliza nimesemaje. Nikamwambia nimesema kuna baridi. Kaisa alielewa, akainamisha kichwa. Halafu akafuta uso, akasema jambo ambalo lazima nimpe haki yake: kikao hatakaa, kesho anarudi Endasak kuomba msamaha, na ndege ya Jumatatu ataiwahi au ataikosa.

Kushuka Dareda

Jumapili tulipanda basi la kwanza kupitia Dongobesh. Lilikuwa limejaa vitunguu saumu juu na chini, mpaka macho yakatoka machozi, na Kaisa akapata pa kuyaficha yake. Dongobesh tairi likapasuka. Tulinunua mahindi ya kuchoma makavu kama kokoto, tukayatafuna tumesimama, huku dereva na utingo wakigombana kuhusu jeki ambayo kila mmoja alidai mwenzake ndiye aliyeisahau. Muda ulikuwa unakwenda. Mimi nilikuwa nawaza basi la mwisho la Babati.

Kaisa alikuwa anafanya mazoezi ya kuomba msamaha, midomo inachezacheza. "Mama, nimekukosea. Nilitaka kusaidia, nikakuumiza. Naomba unisamehe." Kiswahili safi, hata mimi nisingepunguza neno. Akauliza aende na nini. Kabla sijajibu alishaingia dukani, akatoka na sukari, sabuni za mche na majani ya chai, vyote vimefungwa vizuri.

Nilivitazama vile vitu. Ndivyo mgeni anavyobeba akienda kwa watu. Nilimfundisha mimi, wiki ya kwanza. Mtoto akirudi nyumbani na kosa haendi na mche wa sabuni, anaenda kuteka maji. Nilitaka kusema, lakini jeki ilikuwa imepatikana na watu wanapanda. Baadaye tukaanza kuteremka bonde la Dareda, ukungu unatuachia kidogo kidogo, Hanang ikatokea upande wa pili ikiwa safi, na Kaisa akaitazama.

Endasak, soda mbili

Tulishuka barabarani tukachukua pikipiki mbili mpaka nyumbani. Nikawaambia madereva wasubiri, basi la mwisho litapita muda si mrefu.

Mama Paulina alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa anachechemea kidogo.

"Karibuni, wageni," alisema.

Kaisa akampigia magoti. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Inuka usichafuke. Karibuni ndani."

Akatukalisha sebuleni kwenye viti vya vitambaa. Kaisa hakuwahi kukaa kwenye vile viti tangu wiki yake ya kwanza. Baba Paulina akaingia, akatusalimia, akakaa anatazama sakafu. Akatumwa mtu dukani, soda mbili zikaja, zimefunguliwa, zina mirija. Kaisa akasema maneno yake yote, sauti inatetemeka, hakukosea hata moja. Mimi nilikuwa namtazama Mama Paulina. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama tunavyomsikiliza mgeni rasmi.

"Usijali," akasema. "Yameisha. Kukosea ni kwa binadamu. Sisi hatuna neno."

Akapokea sukari na sabuni kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaingia chumbani akatoka na mfuko, ndani yake koti na buti, buti zimepigwa brashi mpaka zinang'aa.

"Ulisahau vitu vyako."

"Sikusahau, Mama. Ni zawadi yenu."

"Asante sana. Lakini huko kwenu baridi ni kali kuliko huku. Chukua."

Kaisa akachukua. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mbulu.

Mama Paulina akasimama. "Ngoja nikaangalie moto," akasema, akatoka nje kwenda jikoni, lile jiko la pembeni, akaacha mlango wazi. Kutoka nilipokaa nilimwona akiingia. Nikasikia sufuria inafunuliwa, inafunikwa, inafunuliwa tena. Kuku wakaingia mmoja mmoja, na hakuna aliyewafukuza. Baba Paulina alimtazama Kaisa, akatazama mlango, akarudisha macho sakafuni. Kaisa alikaa wima, magoti pamoja, anakunywa soda yake polepole kwa mrija. Anasubiri kukaribishwa, kama nilivyomfundisha.

Niliona. Msidhani sikuona. Neno lilifika hapa kooni: inuka, acha hiyo soda, ingia kule. Lakini nilishaambiwa nisielekeze, na pikipiki nje zilikuwa zinanguruma, na nikajiambia labda mama wa watu kweli anaangalia moto wake. Nikanyamaza mara ya pili. Sufuria ikaacha kulia.

Honi ikapigwa. Tukasimama, tukaaga, Mama Paulina akatoka jikoni anafuta mikono. Kaisa akamkumbatia kwa nguvu, naye akampigapiga mgongoni. Kaisa akapanda pikipiki ya kwanza ikaondoka. Nilipotaka kupanda yangu Mama Paulina alinishika mkono, akanipa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa safi, kina joto bado.

"Ni fungu lake," akasema. "Jana walipogawana niliwaambia hili msiguse. Nikalitia chumvi nikaliweka kwenye uchaga, juu ya moto. Nilijua atarudi. Nilidhani akirudi ataingia mwenyewe achukue."

Nikamwambia nitamkimbilia Kaisa sasa hivi nimrudishe.

"Hapana. Usimwambie kitu. Aende na furaha yake, njia ni ndefu." Akaachia mkono wangu. "Kula wewe, Mwalimu. Mtoto wangu Paulina akifunga shule nitachinja mwingine."

Kurudi Babati

Basi tuliliwahi. Kaisa alipata kiti cha dirishani, koti lake amelivaa, uso umelegea kama mtu aliyepona homa.

"Mwalimu, umeona? Amenisamehe. Na hawana kitu, lakini amenipa soda."

"Nimeona," nikasema.

"Wewe ungeniambia mapema, je, ningerudi kwake Ijumaa ile ile?"

"Sijui, mwanangu."

"Profesa yuko sahihi, nadhani. Nimejifunza mwenyewe." Akaegemeza kichwa kwenye kioo. Kabla ya kufika alikuwa amelala, na kifurushi kiko mapajani mwangu kinanukia moshi wa jiko lile. Jumatatu alipanda ndege. Alinipungia mpaka akapotea mle ndani. Profesa ameniandikia kunishukuru, anasema Kaisa ametoa maelezo mazuri darasani kuhusu kuomba msamaha katika utamaduni mwingine. Anauliza kama Mama Paulina atapokea mwanafunzi mwakani. Sijamjibu.

Endasak sijarudi. Nikipita kwa basi nitafunga pazia, na hiyo pia ni aibu, nayajua yote hayo.

Mama Sifa, siku ile uliramba vidole ukaniuliza nyama kavu tamu hivi nimenunua bucha gani, nami nikajifanya sijasikia. Ilikaa jikoni kwangu juma zima, sikuweza kuila na sikuweza kuitupa, ndipo mlipokuja nikaipika. Sikuinunua. Mlikula fungu la Kaisa.